Nina kivimbe, zahanati haina mashine: nisubiri kambi ya Oktoba?

SWALI

Wapendwa wa safu hii, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Ukerewe na ninauza dagaa. Mwezi wa tano, nikiwa naoga, niligusa kitu kigumu kwenye titi la kulia, juu kuelekea kwapani. Kilikuwa kama punje ya karanga, na hakiumi. Mwishoni mwa Juni nilikwenda zahanati, nikaambiwa ni uvimbe wa maziwa, nikapewa dawa za siku saba. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka minne, nilishamwachisha zamani. Mwezi wa saba nikarudi, nikapewa dawa zilezile. Sasa ni katikati ya Agosti, kitu bado kipo na naona kimeongezeka.

Mdogo wangu yuko Dar, ameajiriwa na ana bima. Mwaka jana alipigwa picha ya matiti akiwa hana tatizo lolote, akaambiwa yuko salama, mchana uleule akarudi kazini. Anataka nipande basi niende kwake nipigwe picha hiyo. Zahanati wanasema Oktoba huwa inakuja kambi ya kupima bure, nisubiri. Mume wangu hakatai niende, ila anasema tukimaliza hela kwa nauli ya Dar halafu tuambiwe turudi Mwanza, tutakuwa tumekwama. Shangazi yangu, dada wa baba, alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 52, lakini watu wananiambia ya upande wa baba hairithiwi.

Naomba kujua: kwa nini yeye aliye mzima apimwe, na mimi mwenye kitu nisubiri? Nianzie wapi kwa hela kidogo niliyonayo? Na binti yangu wa miaka 19, naye apelekwe?

Mama N., Ukerewe

JIBU

Mama N., usisubiri Oktoba. Na usipande basi la Dar kwa ajili ya picha peke yake. Kwa hilo mume wako amepiga hesabu vizuri.

Kambi ya kupima imewekwa kwa ajili ya mtu kama mdogo wako, asiye na dalili anayetaka kujua kama kuna kitu kimejificha. Wewe hatua hiyo umeshaivuka. Kivimbe chako kimeshaonekana, kilichobaki ni kujua ni kitu gani, na jibu hilo halitoki kwenye picha. Linatoka kwenye kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kuangaliwa kwenye hadubini. Hata ukipigwa mamogramu leo, yaani hiyo picha ya matiti, ikasomwa kuwa safi, daktari anayejua kazi yake hatakuruhusu kwenda nyumbani na kivimbe kinachoshikika. Picha hiyo hupitwa na saratani takriban moja au mbili katika kila kumi, na hupitwa zaidi kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, kwa sababu nyama ya titi lao ni nzito na kwenye picha hutoka nyeupe, rangi ileile ya uvimbe.

Vivimbe vingi vya matiti si saratani. Kuna vifuko vya maji, kuna uvimbe wa nyuzinyuzi unaoteleza chini ya vidole, kuna mafuta yaliyoganda baada ya kugongwa. Lakini kivimbe kipya, kigumu, kinachokua, kwa mwanamke aliyepita miaka 40, hakikisiwi kwa macho. Na kutouma kwake kusikutulize, kwa sababu saratani ya titi inapoanza mara nyingi haiumi kabisa.

Kuhusu zile dawa. Uambukizo wa titi au uvimbe wa maziwa huja na wekundu, joto, maumivu na mara nyingi homa, na kwa kawaida humpata anayenyonyesha. Mtu wa namna hiyo kupewa antibiotiki ya siku saba hadi kumi ni sawa. Ikiisha na uvimbe haujaondoka, hatua inayofuata ni rufaa, si dozi ya pili. Wewe hukuwa unanyonyesha, hukuwa na homa, na umekunywa dozi mbili. Kosa hili ni la kawaida mno kwenye vituo vya chini, na huanza hivi: mtoa huduma ana dawa kabatini, hana sindano ya kuchukulia kinyama, basi hutoa alichonacho. Tunalitaja ili usirudi kuomba dawa ya tatu.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mwanamke afike kituoni mara ya kwanza na dalili ya titi hadi ugonjwa wake kujulikana zisipite siku 60. Siku zako zilianza kuhesabika mwishoni mwa Juni ulipoingia zahanati. Mwisho wa Agosti zinakuwa zimetimia, kambi ikiwa bado haijafika.

Sasa safari yenyewe. Rudi zahanati kesho au keshokutwa, na usiseme umekuja kutibiwa, sema umekuja kuchukua barua ya rufaa. Barua yenyewe isiandikwe tu "uvimbe wa titi, apelekwe mbele." Barua ya mstari mmoja humfanya anayekupokea aanze upya, na mara nyingi hukupanga kwenye foleni ya kawaida. Omba kwa upole iandikwe: titi gani, kivimbe kiko wapi kwa mfano wa uso wa saa (juu kuelekea kwapa la kulia ni namba 10, na ni namba ya kwenye uso wa saa, si saa kumi ya Kiswahili), kiko sentimita ngapi kutoka kwenye chuchu, kina sentimita ngapi, kilichopimwa kwa rula au tepu, kimeanza lini, dawa gani zimetolewa, tarehe ngapi, na kwamba hazikusaidia. Punje ya karanga ya mtu mmoja si ya mwingine, ila sentimita 2 ni sentimita 2, na daktari wa pili ataweza kusema kama kimekua. Iandikwe pia kama ngozi imevutwa ndani au imekuwa kama ganda la chungwa, kama chuchu imeingia ndani au inatoa damu, na kama kwapani au juu ya mtulinga kuna tezi. Na shangazi yako aandikwe. Urithi wa saratani ya titi hupita kwa baba sawasawa na kwa mama. Waliokuambia vinginevyo wamekosea. Shangazi mmoja aliyeugua akiwa na miaka hamsini na kitu huongeza hatari kiasi, si ya kukutisha, ila daktari anapaswa kuijua.

Kwa barua hiyo utakwenda hospitali ya wilaya pale Nansio. Hapo waulize mambo mawili kabla hujalipia chochote. Kwanza, altrasaundi: je, wana probu bapa (probu ni kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi) ya kupimia vitu vya juu juu ya mwili? Mashine nyingi za wilayani zimenunuliwa kwa ajili ya wajawazito na zina probu iliyopinda ya tumbo. Hiyo imetengenezwa kuona mbali ndani ya tumbo, na kivimbe cha sentimita moja chini ya ngozi inaweza kukipita. Ukipimwa na hiyo ukaambiwa hakuna kitu huku mkono wako unakigusa, amini mkono wako. Pili, je, wanachukua kinyama kwa sindano nene na wana fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya haya mawili, omba barua ya kwenda mbele moja kwa moja, usipoteze wiki.

Na hapa tunakaza neno: usikubali kivimbe kikatwe chote kitolewe wilayani kabla hakijajulikana ni nini. Wanaokupendekezea watakuambia ni operesheni ndogo ya nusu saa. Kikiwa ni saratani, daktari atakuwa amekata bila kujua aache nafasi gani pembeni, mabaki yatabaki, na utarudi kupasuliwa mara ya pili kwenye kovu. Mbaya zaidi ni pale kilichotolewa kinapotupwa badala ya kupelekwa maabara, au ndugu wanapokabidhiwa kwenye kichupa cha maji wakitafute pa kukipeleka. Hapo hata jina la ugonjwa linapotea.

Hatua ya mbele kwako ni Mwanza, si Dar. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda ya Ziwa, ina wataalamu wa picha, wa maabara ya vinyama na kitengo cha saratani mahali pamoja, kwa hiyo picha na sindano vinaweza kufanyika kwa safari moja. Piga simu kwanza uulize kliniki ya matiti au ya upasuaji inakaa siku gani za wiki na kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, kisha panga meli ya kutoka Nansio ufike jioni ya siku iliyotangulia. Anayefika saa tano asubuhi akitokea bandarini mara nyingi hukuta namba zimekwisha, na analipia gesti usiku ambao hakuupanga. Weka bajeti ya kulala siku mbili.

Fedha. Kama una kadi ya CHF, yaani ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iulizie mapema, kwa sababu kwa kawaida kadi hiyo hufika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure, na haivuki kwenda ya kanda. Mpango wa bima ya afya kwa wote uliopitishwa kwa sheria ya mwaka 2023 unabadilisha taratibu hizi, kwa hiyo dawati la bima ndilo lenye jibu la leo. Kama huna kadi na huna uwezo, kuna msamaha wa malipo, ila msamaha hautolewi kwa maneno. Pata barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri kabla hujapanda meli, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Barua nyingi hukwama kwa sababu huku mtu ni Mama fulani na kule ana majina matatu. Ukifika, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirisha la malipo. Ukishalipa, kurudishiwa ni kazi nyingine.

Sindano yenyewe isikutishe. Utachomwa ganzi, ngozi itatobolewa tundu la milimita chache, kisha sindano nene itaingia mara tatu hadi tano. Kila mara utasikia mlio wa "ta!" kama wa kibanio cha karatasi, nacho ni kifaa kinajifunga, hakikudhuru. Kila kipande kinachotoka ni chembamba kama risasi ya penseli. Baada ya hapo mahali panabanwa kwa dakika kumi hivi, unafungwa plasta, unaondoka kwa miguu yako. Utavilia damu kidogo kwa siku chache. Kama unakunywa aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu, sema kabla. Yale maneno kwamba "chuma kikigusa saratani inasambaa" yamewaua wanawake wengi kuliko sindano, maana anayeyaamini hurudi hospitali kidonda kimeshafunguka. Vilevile usipake wala kukanda kivimbe kwa dawa za kuunguza. Ngozi ikichubuka, upasuaji ambao ungekuwa mdogo unakuwa mkubwa.

Kuna kitu kimoja ambacho mgonjwa haambiwi na ni haki yake kukiangalia kwa macho, nacho ni chupa. Kinyama chako kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla maabara haijaanza kukishughulikia. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi au kikaachwa kwenye kitambaa cha kidonda, kinaoza. Kikiwekwa kwenye spiriti, au kikisahaulika kwenye fomalini dirishani wiki nzima, saratani inaweza bado kuonekana, lakini vipimo vya vipokezi vya homoni (alama kwenye saratani zinazoonyesha kama inakuzwa na homoni za mwili) vinaweza kusoma "hakuna" wakati vipo. Kosa hilo ni ghali, kwani mwenye vipokezi hivyo hutumia tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku kwa miaka mitano au zaidi, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayopunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Akisomewa "hana" kimakosa, atanyimwa dawa hiyo. Kwa hiyo angalia chupa yako ina jina lako kamili, umri, titi la kulia, tarehe na saa. Uliza, "Vipokezi vitapimwa pia?" Swali hilo hulifanya jalada lako lishughulikiwe tofauti.

Majibu huchukua wiki kadhaa, na ni hapa wengi hupotea. Mgonjwa anaambiwa "tutakupigia", laini inafungwa au simu inauzwa, karatasi inabaki kwenye droo. Acha namba mbili, yako na ya mdogo wako wa Dar, chukua namba ya maabara na namba ya kipimo chako, na taja tarehe utakayopiga wewe mwenyewe. Kila karatasi ipige picha kwa simu. Majibu yakisema si saratani, hakikisha yanaendana na picha na alichokigusa daktari. Vitu vitatu vikipingana, sindano inarudiwa. Vikikubaliana, rudi uangaliwe baada ya miezi sita.

Yakisema ni saratani, hapo ndipo Dar inaweza kurudi kwenye hesabu. Dawa za saratani za kuwekewa kwenye mshipa kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, mizunguko sita hadi minane, na mionzi huenda siku tano kwa wiki kwa wiki tatu hadi tano. Mahali pa kulala bure kwa muda wote huo ni sehemu ya tiba. Mdogo wako aweke akiba ya nauli yake kwa ajili ya wakati huo, na kama atakuwa tayari kukupokea, uhamisho wa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, uzungumzwe na daktari wako wa Mwanza, ukiwa na majibu mkononi.

Umeuliza kwa nini yeye mzima apimwe na wewe usubiri. Ni kwa sababu picha hufuata bima na hospitali kubwa, na vyote viwili viko mjini. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha tofauti hiyo inaishia wapi: katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa, mwanamke 1 kati ya 12 hugundulika na saratani ya titi maishani na 1 kati ya 71 hufa nayo. Katika nchi za chini kabisa anayegundulika ni 1 kati ya 27, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Yaani wanaougua ni wachache, wanaozikwa ni wengi.

Hata hivyo hatuungani na wanaosema dawa yake ni kila wilaya kununuliwa mamogramu. Katika programu ya Marekani, kwenye kila wanawake 1,000 wanaopigwa picha, 100 hivi huitwa tena na takriban 5 ndio hukutwa na saratani. Hao 95 wengine nao wanahitaji altrasaundi na baadhi yao sindano ili waambiwe wako salama. Mashine ikifika Nansio bila sindano, bila fomalini na bila msomaji wa picha, itazalisha hofu na foleni. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilizishauri nchi zenye mifumo dhaifu zisianze na mamogramu kwa watu wote, bali zianze na kugundua mapema wenye dalili. Na mkono si kitu kidogo. Mumbai, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20 katika utafiti uliochapishwa 2021, ambapo wahudumu wa afya wa kike waliofundishwa waliwapima nusu yao matiti kwa mikono kila miaka miwili. Kwa jumla punguzo la vifo halikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika, lakini kwa waliofika miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kujipima mwenyewe ni jambo jingine: wafanyakazi wa viwanda vya nguo Shanghai, zaidi ya 260,000, walifuatiliwa kwa jambo hilo, na kufundishwa kujipima hakukupunguza vifo. Kwa hiyo jijue mwili wako, ila usiufanye mkono wako uwe hospitali.

Majirani zako wasio na dalili wanaweza kuomba kupimwa matiti kwa mkono siku wanayokwenda kupimwa mlango wa kizazi. Kazi iliyofanywa vizuri huchukua kama dakika tatu kwa kila titi, akiwa amekaa na akiwa amelala, kuanzia mtulinga hadi chini ya titi, na kwapa zote mbili. Aliyeguswa kwa sekunde ishirini hajapimwa. Na kambi ikija Oktoba, waulize nani anasoma picha, majibu yanarudi kwa njia gani, na atakayekutwa na kitu anapelekwa wapi.

Binti yako wa miaka 19 hahitaji mamogramu, wala usimpige picha kwa hofu. Kama kivimbe chako kitathibitika si saratani, aendelee na maisha yake na aje kituoni akiona badiliko. Kama itakuwa ni saratani, utaratibu wa kawaida ni kuanza kumpima miaka kumi kabla ya umri uliogundulika wewe, yaani akifika 31, na akiwa na majibu yako yameandikwa kwenye daftari lake la kliniki.